Mnyama wa Jirani ni Amana

Katika miji mikubwa kama Nairobi yako makao ya kutunzia mbwa na paka waliotupwa. Jamaa wenye huruma hupokea mnyama mmoja nyumbani kwao kwa majuma machache, hata apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Wako watu wa bara wanaoicheka kazi hiyo, wakisema ni mchezo wa matajiri. Lakini ni kazi ya zamani sana, nayo yatuhusu.

Yatazameni mambo ya Ngara na Biharamulo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo toka Rwanda, na baadhi yao waliswaga mbuzi na ng'ombe. Mwaka 2013, walipoondolewa mkoani Kagera watu walioambiwa hawana vibali, wako walioacha mifugo nyuma. Mtu akikimbia au akilazwa hospitali, ng'ombe wake hubaki mlangoni mwa jirani. Hapo ndipo jirani hupimwa moyo.

Musa aliwaagiza Waisraeli, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, kwamba anayemwona mnyama wa ndugu yake amepotea amtunze kwake mpaka mwenyewe aje kumtafuta. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, chaongeza jambo gumu zaidi: hata mnyama wa adui arudishwe. Basi, mkulima aliyeliwa shamba lake aende kudai fidia barazani. Hana ruhusa ya kumficha ndama wa mfugaji.

Mwenye kupokea mnyama na apatane na mwenyewe mbele ya mashahidi: maziwa ni ya nani, ndama akizaliwa ni wa nani, dawa italipwa na nani. Amtenge na mifugo yake mpaka bwana mifugo amtazame, maana kupe waletao ndigana kali hawabishi hodi. Mbwa naye achanjwe kichaa. Methali yasema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Mgeni wa miguu minne halishiki, lakini atakula kila siku. Asiye na majani wala nafasi na aseme mapema.

Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yatufundisha kwamba wanyama wastahili wema wetu. Tena yaonya tusitumie kwao mali iliyopasa kuwaondolea watu dhiki. Mtoto ashibe kwanza.

Siku iliyo ngumu kupita zote ni ile ya kurudisha. Ng'ombe amezaa, watoto wamempa jina, na mwenyewe aja mikono mitupu, bila hati, wala hana wa kumtetea ila dhamiri yako. Enyi akina baba, watoto wenu watakuwa wamesimama hapo wakitazama. Amri ya saba wameisoma katika mafundisho. Siku hiyo wataiona. Mfungulieni zizi.