Dalili na Asili Yake

Kila kasoro ina mambo mawili: dalili inayoonekana na asili iliyofichika. Dalili hutusumbua, asili hutudhuru. Kwa kuwa binadamu huchukia zaidi kile kinachomsumbua, mara nyingi hutumia nguvu zake zote juu ya dalili, kisha hujisifu kuwa ameponya. Swali la insha hii ni hili: mtu aliyeondoa dalili akaiacha asili mahali pake, je, ametenda wema, au ametenda uovu uliovaa nguo za wema? Nitatoa mfano wa gari, maana gari halina hila wala haya. Hutenda kama lilivyoundwa, na kwa sababu hiyo ni mwalimu mzuri.

Land Rover za zamani, ambazo watu walionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, na Toyota Land Cruiser za namba 70, zilizotokea mwaka 1984, zilipata sifa katika njia mbaya kwa sababu moja iliyo wazi: ekseli yao ya mbele ni chuma kimoja kinachobeba gurudumu la kulia na la kushoto pamoja. Chuma hicho ni imara, lakini msukosuko wa gurudumu moja humfikia mwenzake. Gari likikimbia barabarani hukanyaga shimo dogo, na mara usukani huanza kutikisika mikononi mwa dereva. Magurudumu huyumba kushoto na kulia upesi upesi, na mtikiso haukomi mpaka mwendo upungue. Abiria hushikana, na dereva hutokwa na jasho.

Iko dawa ya haraka. Gari nyingi za namna hii zina kizuia mtikisiko cha usukani, yaani bomba lenye mafuta ndani lililofungwa kwenye fito za usukani. Fundi akitoa la zamani akafunga jipya, huenda usukani ukatulia kama maji ya mtungini. Mwenye gari hulipa na kushukuru. Lakini ni kitu gani kilichotikisika? Huenda tairi halikusawazishwa uzito. Huenda viungo vya fito vimelika, au beringi za gurudumu zimelegea, au zimechakaa zile beringi za pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona. Kizuia mtikisiko hakikaze hata kimoja katika hivi. Kimemnyamazisha shahidi tu, na mkosaji yuko huru. Kiungo kilicholegea huendelea kulika kimyakimya, na siku kitakapoachana na mwenzake, dereva ataukata usukani, gurudumu lisimtii.

Fundi mwadilifu hufanya kama hakimu: hahukumu kabla ya kusikiliza. Kwanza humwuliza dereva. Kama mtikiso huja katika mwendo fulani na kutoweka mwendo ukizidi, atashuku uzito wa magurudumu. Kama huanza kwa kishindo cha shimo na hukataa kukoma, atashuku ulegevu. Ndipo hutazama upepo wa matairi, namna yalivyolika, na nati zake. Kisha mtu mmoja huketi na kuuchezesha usukani kidogo kushoto na kulia, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Wa pili hugusa kiungo kimoja kimoja kwa vidole, na kilicholegea hujitaja chenyewe. Baadaye ekseli huinuliwa kwa jeki na kuwekewa nguzo imara. Fundi hushika gurudumu juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likicheza, humwambia mwenzake akanyage breki. Mchezo ukikoma, kosa ni la beringi za gurudumu. Ukibaki, kosa huenda ni la beringi za pini. Mwisho huuliza kama mwenye gari ameinua springi ili gari liwe refu, maana kuinua huko kwaweza kupunguza mwinamo wa pini, na mwinamo huo ndio unaolifanya gurudumu lipende kwenda mbele sawasawa.

Kazi hii haina fahari. Pengine huchukua asubuhi nzima, na matokeo yake ni kiungo kimoja kidogo mkononi. Lakini hutuokoa katika makosa mawili. La kwanza ni kunyamazisha dalili. La pili ni kubadili kila kitu bila kupima, ambako ni sawa na kuwafunga watu wote wa kijiji kwa sababu ya mwizi mmoja. Wa kwanza huiba usalama wa mwenye gari. Wa pili huiba fedha zake.

Mtu atasema: kizuia mtikisiko kiliwekwa na watengenezaji wenyewe, kina ubaya gani? Hakina ubaya. Tena, mtu aliyeharibikiwa kando ya jangwa la Chalbi, mbali na duka la vipuri, hafanyi kosa akikifunga ili afike Marsabit, mradi aende polepole na kuwaambia abiria wake hali ilivyo. Kwa hiyo tofauti haimo katika chuma, imo katika ukweli. Kitu kilekile, kikifungwa na mtu anayetaka kuliuza gari kesho, huwa hadaa. Mnunuzi atadhani kimya ni afya, na atawapakia watoto wake. Muuzaji hakusema uongo kwa ulimi. Amesema uongo kwa spana.

Kijana msomaji, usidhani hukumu hii ni ya mafundi peke yao. Mwanafunzi anayenakili majibu ya jirani yake amefunga kizuia mtikisiko: alama zimetulia, ujinga uko palepale, na siku atakapoachwa peke yake na swali hatakuwa na usukani. Kiongozi wa bweni anayewatisha wadogo wasilalamike amepata kimya, hakupata amani. Rafiki anayecheka ili asiulizwe habari za huzuni yake hujidhulumu mwenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Basi jibu langu ni hili. Kutuliza dalili ni halali pale tu mtu anapokiri kuwa asili ingalipo na anapokusudia kuitafuta. Anayetuliza ili isitafutwe amechukua hatari iliyokuwa ikipiga kelele, akaigeuza kuwa hatari ya kimya. Na watakaoilipa mara nyingi ni wale walioketi viti vya nyuma, ambao hawakuulizwa.