Watoto wa Geti Kali

Vijana wa mjini wana msemo: mtoto wa geti kali. Ni mtoto anayelelewa nyuma ya ukuta mrefu, ambaye humwoni bila ruhusa, asiyejua kupanda daladala wala kutumwa dukani. Msemo huo hutamkwa kwa utani, na ndani ya utani huo mna wivu kidogo. Sisi tunaoandika hapa, mchungaji na mke wake, ni wazazi wa watoto wa aina hiyo, ingawa hatukupanga iwe hivyo. Tunaandika kwa sababu wazazi wengi hutuuliza swali moja baada ya ibada, kwa sauti ya chini kana kwamba wanaungama: "Mchungaji, tukihamia kule kwenye nyumba za ukuta, tutakuwa tumewaokoa watoto au tumewaharibu?"

Hatutaki kulijibu swali hilo haraka, maana sisi wenyewe tumeliishi.

Kwa miaka sita tulikaa Uswahilini, hapa Dar es Salaam, katika nyumba iliyopakana na nyumba nyingine kiasi kwamba jirani akikohoa usiku tulimpa pole asubuhi. Watoto wetu walikula kwa majirani na watoto wa majirani walikula kwetu. Kisha usiku mmoja, saa tisa, wezi walikata nondo za dirisha wakaingia na mapanga. Hawakumjeruhi mtu. Walichukua simu, televisheni na kompyuta, wakaondoka. Lakini binti yetu, aliyekuwa na miaka mitano, aliwaona. Baada ya hapo hakulala tena bila taa, na kila paka aliporuka juu ya bati alipiga kelele.

Ndugu yetu mmoja alikuwa amehamishiwa kikazi mkoa mwingine. Akatupangishia nyumba yake Mbezi Beach kwa kodi ndogo. Ilikuwa na ukuta, nyaya za umeme juu ya ukuta, na mlinzi getini. Usiku wa kwanza binti yetu alilala mpaka asubuhi. Tulimshukuru Mungu kwa usingizi ule, na mpaka leo tunashukuru.

Kwa hiyo hatuwezi kuungana na wanaohubiri kwamba ukuta ni dhambi. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Kulinda uhai nyumbani ni agizo la Mungu, wala si dalili ya imani haba. Nasi Walutheri tumefundishwa katika Katekisimo Ndogo kwamba Amri ya Tano haiishii kwenye kutokuua. Inatutaka tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Mtoto wako ndiye jirani yako wa karibu kuliko wote. Mwaka 2022 jina la panya road lilipotikisa jiji hili, hakuna mzazi aliyehitaji mahubiri juu ya ushujaa. Tena tusiusifu umaskini kwa niaba ya maskini. Mama anayelea watoto wanne katika chumba kimoja, akipewa leo nyumba yenye geti, atahamia kesho asubuhi, na atakuwa na haki.

Lakini ukuta haukuja peke yake. Mambo mengine yaliingia nyuma yake polepole, na hatukuyaona yakiingia.

Kwanza ilikuwa maswali ya watoto. Mwana wetu, aliyekuwa darasa la tatu, aliuliza kwa nini gari letu ni la zamani kuliko ya nyumba zote za barabara ile. Uswahilini gari hilohilo lilikuwa la fahari. Lilibeba wagonjwa na maharusi. Likawa aibu bila kubadilika hata skrubu moja. Baadaye ikaja sherehe ya kuzaliwa ya mtoto fulani, yenye farasi wa kukodi, na baada yake kila mtoto alitaka yake. Ikaja kipaimara, ambayo kwa familia nyingi siku hizi ni ukumbi, mapambo na suti, na mtoto anapiga magoti madhabahuni huku akiwaza keki.

Hata jumuiya iliguswa. Kule tulikotoka, ibada ya jumuiya ilijulikana kwa lundo la kandambili mlangoni. Hapa waumini walifika getini wakaulizwa na mlinzi kama wamealikwa. Tulipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, chai ikawa chai na maandazi, kisha chai na sambusa, kisha meza ndefu yenye nyama za aina tatu. Hakuna aliyekusudia ubaya; kila mwenyeji alitaka tu asipungukiwe na yule wa wiki iliyopita. Lakini tuliona kwamba dada mmoja, mjane anayepanga vyumba viwili ng'ambo ya barabara kuu, kila zamu yake ilipofika alikuwa na udhuru. Ilituchukua karibu mwaka kuelewa udhuru ule.

Jiji letu linajua mambo haya tangu zamani. Wakoloni waliligawa kwa rangi, na majina yakabaki: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Tulipopata uhuru tuliyakataa mawazo yale. Siku hizi vijana wameongeza jina jingine, ushuani. Rangi ya mtu haiulizwi tena, lakini mpaka upo, na sasa tunaujenga wenyewe kwa matofali yetu.

Kwa muda mrefu tulidhani kwamba usalama na kupenda mali ni mambo mawili yaliyo mbalimbali. Tulijiambia kwamba tunautaka usalama, na mali imekuja bila kualikwa. Katekisimo Kubwa, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529, ilitusahihisha. Akieleza Amri ya Kwanza, Luther anafundisha kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea ndicho mungu wako hasa. Mfano wake wa kwanza ni fedha na mali. Na anaeleza kwa nini mali huabudiwa: mwenye nazo hujiona yuko salama, hana hofu, kana kwamba amekwisha kufika peponi. Watu hawaiabudu fedha kwa sababu inang'aa. Wanaiabudu kwa sababu inawaahidi kwamba hakuna baya litakalowapata. Yule tajiri wa Luka 12 alipopanga kujenga ghala kubwa zaidi hakusema atajionyesha kwa majirani. Alisema ataiambia nafsi yake ipumzike. Alikuwa anatafuta kitu kilekile tulichokitafuta sisi usiku ule wa wezi.

Basi hapo ndipo penye mtego. Ukuta una kazi moja, kumzuia mwizi, na kazi hiyo ni halali. Tukiutaka utupe amani ya moyo, tumeuomba kitu ambacho hauna, nao utatudai kila mwaka tuuongeze urefu. Hata katika kuzuia una mipaka. Utafiti wa taifa uliofanyika mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na nyumba za watu ni miongoni mwa mahali palipotajwa sana. Adui wa mtoto anaweza kuwa na ufunguo wa geti. Mzazi anayemaliza fedha zake kwenye nyaya za umeme, asibakiwe na saa moja jioni ya kumsikiliza mtoto wake, amelinda upande mmoja tu wa nyumba.

Sasa tuseme jambo ambalo ni vigumu kwetu kulisema.

Mlinzi wetu alikuwa mtu mpole wa makamo. Kwa miaka miwili alitufungulia geti. Watoto walimwita "mlinzi", nasi hatukuwasahihisha. Jioni moja mmoja wetu alirudi kutoka makaburi ya Kinondoni, kola ingali shingoni, baada ya kumzika mtoto wa msharika. Mlinzi akafungua geti, akasalimu, akatoa pole ya msiba. Tukapokea pole yake, tukaingia ndani. Wiki mbili baadaye dada wa kazi alituambia kwamba mwezi uleule mlinzi naye alikuwa amemzika mwanawe wa miaka minne, aliyekufa kwa homa. Alikuwa ameomba siku mbili. Kampuni ilimleta mtu mwingine mwenye sare ileile, na sisi, tuliopita getini asubuhi na jioni, hatukuuliza yule wa kwanza yuko wapi. Siku zile mbili zilikatwa kwenye mshahara wake.

Mchungaji anayezika watoto wa wengine hakujua kwamba mtu aliyempa pole alikuwa mfiwa.

Tulikwenda kwake tukiwa na watoto, tumechelewa. Ilikuwa mbali, daladala mbili na mwendo wa miguu. Mkewe alitutumia mtoto dukani kununua soda, nasi tulikunywa kwa shida, tukijua bei yake. Tulisali. Wakati tunaondoka binti yetu, yule aliyekuwa halali bila taa, aliutazama mlango wao wa mbao uliofungwa kwa kipande cha waya, akauliza mbele ya wote: "Usiku baba yao akiwa kwetu, hapa analinda nani?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna jibu lililo jema. Usingizi tuliomshukuru Mungu kwa ajili yake ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa kila usiku na watoto ambao hatukuwajua. Katika Luka 16 Lazaro amelazwa mlangoni pa tajiri. Wa kwetu alikuwa amesimama, amevaa sare, naye ndiye aliyeufungua mlango.

Tangu hapo tumekuwa tukisoma kitabu cha Nehemia kwa macho mengine. Nehemia alijenga ukuta, na Mungu akaibariki kazi ile. Ilikamilika kwa siku 52. Lakini katikati ya ujenzi, katika sura ya 5, watu wanalia. Wameweka rehani mashamba na nyumba zao, na watoto wao wanatiwa utumwani na ndugu zao wenyewe. Nehemia hakusema kwamba ukuta umalizike kwanza. Aliita kusanyiko, akawakemea wakuu, akakiri kwamba yeye na watu wake nao wamewakopesha watu, akataka waliyonyang'anywa warudishiwe. Kisha ukuta ukaendelea. Sura hiyo inatufundisha kwamba inawezekana kujenga ukuta wa halali juu ya kilio cha mtoto wa mtu mwingine, na kwamba Mungu hututaka tusimame na kusikiliza.

Hatukubomoa ukuta wetu, wala hatukurudi tulikotoka. Tunasema hivyo ili mtu asidhani tumefanya makubwa. Tuliita majirani wa nyumba sita za barabara yetu, na kwa mara ya kwanza tukakaa pamoja. Tulikubaliana kuongezea walinzi posho na kuchangia bima ya afya ya familia zao. Nyumba mbili zilikataa. Hatujakata tamaa nazo. Katika jumuiya tulipitisha kwamba kila mwenyeji ataandaa chai na kitu kimoja tu, na mwezi uliofuata yule mjane alitupokea kwake, tukakaa mpaka uani. Jumamosi geti letu hubaki wazi mchana, na watoto wa ng'ambo ya barabara huja kucheza mpira. Dirisha moja limeshavunjwa. Jina la mlinzi hatuliandiki hapa, lakini watoto wetu wanalijua, na humwita Baba fulani kama inavyostahili.

Kwa hiyo mzazi anayetuuliza ahamie au asihamie, sasa tunamrudishia maswali matatu. Usiku watoto wako wakilala salama, nani anakesha, na wake wanalala wapi? Watoto wako wanawajua kwa majina watu wangapi wasio na kitu cha kuwapa? Na ukuta ukianguka leo, utabaki na nini? Anayeweza kuyajibu mbele za Mungu anaweza kuishi popote. Asiyeweza, hata Uswahilini atakuwa mtoto wa geti kali, maana geti la moyo halihitaji matofali.

Watoto wetu wa kipaimara hukariri maelezo ya Ombi la Nne la Sala ya Bwana. Humo Luther anahesabu mkate wa kila siku: chakula, nyumba, fedha, amani, afya, na karibu na mwisho, majirani waaminifu. Tumeomba nyumba na fedha kwa bidii. Majirani nao wamo katika sala hiyohiyo.

Nabii Zekaria, katika sura ya 8, alionyeshwa mji ambao Mungu ameuokoa. Wazee wameketi njiani na fimbo zao, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Huo ndio usalama aliotuahidi, watoto wa wote wakiwa njiani pamoja. Mungu atupe kuutamani kuliko tunavyoutamani ukuta, na atusamehe wale ambao hatukuwaona walipokuwa wakitufungulia. Amina.