Jiko la Leo na Jiko la Kesho

Huko Marekani liko jiko la kuchomea nyama linalotumia vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Joe Traeger wa Oregon alipewa haki ya uvumbuzi wake. Umeme huzungusha parafujo inayosukuma vidonge motoni, na feni hupuliza hewa. Siku hizi yako pia madogo ya kuchukua safarini. Mtu ataka kununua moja, mara asikia kwamba lililo bora zaidi laja. Je, angoje?

Twasema, na ajiulize kwanza: hili la sasa limepungukiwa na nini? Kama halitoshi watu wa nyumbani mwake, kungoja ni busara. Lakini kama latosha, basi anachongojea si jiko, bali ni upya tu, nao hauna mwisho. Hata hilo lijalo litatangaziwa mrithi wake. Wakati huo jirani hajaalikwa, na watoto wanakua. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tupime vitu kwa haja zetu, wala tusipime haja zetu kwa vitu.