Pua ya rubani na hukumu ya kisu



Ndugu zangu Waislamu, hapa Mwanjelwa kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita, na ambaye anautaka urubani, aliniuliza baada ya swala ya Isha: "Ustadh, daktari amesema ukuta wa kati wa pua yangu umepinda, tundu moja halipitishi hewa. Nikipasuliwa nitakuwa nimebadilisha maumbile?" Mama yake keshamkataza. Anasema pua aliyopewa na Mola isiguswe.

Mama huyo simcheki. Khofu yake ina asili. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, Shetani ameapa kuwaamrisha watu wabadilishe alivyoumba Mungu, na hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) inawalaani wanaochonga mianya ya meno. Lakini sababu iliyotajwa humo ni urembo. Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alipoteza pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akavaa pua ya fedha, ikanuka. Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume! Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mwaka 2007 Majmaa ya Fiqh ya Kiislamu ya Kimataifa ilipokutana Malaysia ilitenganisha vivyo hivyo: kurekebisha kasoro inayodhuru kunajuzu, kujigeuza kwa kufuata matamanio hakujuzu.

Wapo waliomwambia kuwa anatafuta kazi tu, hiyo si dharura. Mimi sikubaliani nao. Ndege inapopaa, presha ya hewa hupungua. Hewa iliyo ndani ya sikio na katika mashimo ya mifupa ya uso hutanuka. Inaposhuka, hewa lazima irudi kupitia vijia vinavyofungukia puani na nyuma ya pua. Vijia hivyo vikiziba, maumivu makali, hata kizunguzungu, yanaweza kumpata rubani wakati ule ule anapotua. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka rubani asiwe na kizibo cha pua kinachoweza kuhatarisha kazi yake. Abiria anayetua Songwe ana haki juu ya pua hiyo.

Nililomkemea ni jambo jingine. Wenzake wamemshauri atie matone ya kuzibua pua asubuhi ya kupimwa, apite. Huo ni udanganyifu, na anayedanganywa si daktari peke yake, ni kila atakayepanda ndege yake. Tena matone hayo yakitumiwa siku nyingi mfululizo huifanya pua izibe zaidi.

Wala kisu kisitangulie. Pua nyingi zimepinda kidogo na wenyewe hawana habari. Kupinda peke yake hakumnyimi mtu cheti. Huenda pia kinachomziba ni mzio wa vumbi (na vumbi la hapa mnalijua), ambao hautibiki kwa kunyoosha ukuta. Aanze kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuwapima marubani, amwulize kama hali yake inamzuia kweli. Kisha aende kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Hayo yote kabla baba hajauza kiwanja.

Akipasuliwa, ibada isimtie wasiwasi. Kwa madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), kupandisha maji puani ni sunna, hivyo maadamu pua imezibwa kwa pamba, kuosha uso kunatosha. Damu ya pua haitengui udhu, ila aisafishe. Daktari akimkataza kuinama, atasujudu kwa ishara. Matone ya puani mchana wa Ramadhani hubatilisha saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi, kwa hiyo kama hakuna haraka, apange upasuaji baada ya Idd.

Wabillahi tawfiiq.