Kiti cha Mpiga Ngoma

Ukifiwa, watu watakuambia upige moyo konde, usonge mbele. Sawa. Lakini usonge na nini, na uache nini?

Tarehe 12 Mei 1969, bendi ya Uingereza iitwayo Fairport Convention ilikuwa inarudi kutoka shoo Birmingham, gari lao likapata ajali kwenye barabara kuu ya M1. Mpiga ngoma wao, Martin Lamble, alikufa akiwa na miaka 19. Jeannie Franklyn, mpenzi wa mpiga gitaa Richard Thompson, akafa pia.

Waliobaki wangeweza kuvunja bendi. Wangeweza pia kuleta mtu mwingine apige nyimbo zilezile, shoo iendelee. Walimchukua Dave Mattacks, ndiyo, lakini nyimbo walizokuwa wakipiga na Martin waliziweka kando. Wakahamia nyumba moja mashambani Hampshire, wakachimbua nyimbo za kale zisizo na mtunzi anayejulikana, wakazitia gitaa la umeme na fidla ya Dave Swarbrick. Desemba mwaka huo ikatoka albamu yao, Liege & Lief.

Kuna atakayesema huko ni kukimbia huzuni. Mimi sioni hivyo. Kumkabidhi mgeni kazi ya marehemu kana kwamba hakuna pengo ni kumfanya marehemu spea tu. Kuacha muziki kabisa nako ni kumbebesha lawama ya ukimya wenu. Na nyimbo walizochagua hazifichi kifo: kwenye "Matty Groves", bwana mmoja anamuua mkewe na mpenzi wa mkewe, na Sandy Denny anaimba yote bila kubembeleza msikilizaji.

Tusidanganyane, albamu haikuwaponya. Kabla mwaka kuisha, Sandy na mpiga besi Ashley Hutchings walikuwa wameondoka. Kumheshimu aliyekufa si dawa ya kuzuia mengine yasivunjike.

Pengine una grupu ya WhatsApp ambayo mmoja wenu hajibu tena. Hakuna anayethubutu kumtoa, na utani wenu wa zamani hauchekeshi. Si lazima mjifanye mko vilevile. Anzeni stori nyingine, ile ya kwanza ibaki yake.

Martin bado anasikika kwenye Unhalfbricking, albamu waliyorekodi kabla ya ajali. Ilitoka Julai 1969. Ngoma ni zake.