Kutoka Baridi Hadi Moshi

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo husadikika vizuri uani kwa mtu aliyechukua friji mbovu akaigeuza jiko la kukaushia samaki kwa moshi. Sanduku lililoundwa kuzuia joto lisiingie, sasa latiwa moto ndani yake! Kompresa hung'olewa, tundu la hewa hutobolewa chini na bomba la moshi juu, nondo nyembamba hupangwa kama uchaga, na chini kabisa huwekwa sufuria ya makaa yaliyofunikwa randa au makumbi ya nazi. Kuta nene zilizotunza baridi hutunza joto vilevile.

Ukitafakari, utaona kwamba friji hiyo haikubadili kazi. Baridi huchelewesha uozo kwa kuvizubaisha vijidudu; moshi huuchelewesha kwa kumkausha samaki na kumpaka dawa zake. Ni kazi ile ile ya kumsaidia binadamu kuiwekea kesho chakula cha leo. Kwa hiyo siwezi kumcheka fundi huyo. Uwekevu wake ni sifa njema.

Hata hivyo kuna swali ambalo halina budi kuulizwa: gharama ya akiba yetu hulipwa na nani?

Chukua gesi iliyomo katika mabomba ya friji. Gesi ya R-12, iliyotumika katika friji za zamani, ni ya jamii iliyobuniwa mwaka 1928 na Thomas Midgley na wenzake kwa nia njema kabisa, kwani gesi zilizotangulia zilikuwa na sumu. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo huharibu tabaka la ozoni, na mwaka 1987 mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal ili kuzikomesha. Akatae bomba kwa msumeno hasikii harufu wala haoni moshi. Hasara haimwangukii yeye peke yake. Inawaangukia wote waishio chini ya jua. Na baadhi ya friji mpya zina gesi inayowaka, hivyo kukata bomba karibu na moto ni hatari ya papo hapo.

Kisha kuna plastiki. Friji nyingi zimevikwa plastiki kwa ndani, na nyuma yake mna povu gumu. Kuivisha samaki kwa moshi huhitaji joto la nyuzi 60 hadi 80, pengine zaidi; plastiki hulegea, na povu likishika moto hutoa hewa ya sumu. Baadhi ya rafu za kale nazo zilipakwa kadimi, madini yenye sumu. Mlaji hajui lolote kati ya hayo. Yeye anaona samaki wa rangi ya dhahabu, basi.

Tena kuna mlango. Mwaka 1956 Marekani ilitunga sheria kwamba mlango wa friji lazima uweze kufunguka kwa ndani, kwa sababu watoto walikuwa wakijifungia humo na kufa kwa kukosa hewa. Friji ya kale yenye komeo, ikiachwa uani, bado ni mtego.

Jirani, mlaji na mtoto: wote watatu hawakuulizwa. Hapo ndipo uwekevu na uchoyo huachana njia, ingawa kwa mbali hufanana kama mapacha. Mwekevu hujinyima yeye mwenyewe. Mchoyo humhamishia mwingine deni, hasa yule asiyeweza kuliona.

Cha kuvunda hakina ubani, lakini moshi mzito huweza kuidanganya pua ya mnunuzi kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo kipimo changu ni chepesi: je, fundi yuko tayari kumfungulia mnunuzi mlango na kumwonyesha yote yaliyomo?

Aliye tayari atakuwa amemwita fundi wa friji aivute gesi na kuihifadhi mtungini, amebandua plastiki na povu, ameweka bati safi lisilopakwa kitu, na ameng'oa komeo. Friji yake haitakuwa tena ya bure. Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa bei yake tangu mwanzo, na ni haki ilipwe na anayefaidi.