Jina Letu, Elimu ya Nani?

Swali hili lilitukuta Kitengela, nyumbani kwa mmoja wetu aliyehamia huko kutoka pwani. Kijana wake ataka kusomea uundaji wa darubini za angani. Mzee mmoja wa Kajiado, mgeni wa nyumba, akamwambia: “Mwanangu, katika ukame wa mwaka 2022 ng’ombe wetu walikufa tukiwatazama. Mwenye kiu ana haja gani na nyota?” Kijana akanyamaza kwa adabu. Lakini swali la mzee lastahili jibu.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Zipo nyota zitoazo miale ya eksirei, ya namna ile ipigayo picha za mifupa hospitalini. Hewa huizuia isifike ardhini, nasi twasalimika. Basi atakaye kuichunguza hana budi kupandisha chombo juu ya hewa. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo cha kwanza cha kuizunguka dunia kwa kazi hiyo pekee kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kikaitwa Uhuru. Kilibeba visanduku vya gesi vilivyohesabu miale iliyoingia, huku kikijizungusha polepole na kuipekua mbingu ukanda kwa ukanda. Kwa kazi yake viliorodheshwa vyanzo 339. Mwaka 1972 kikafuata kingine, cha miale ya gama, kutoka jukwaa lile lile.

Sasa tujipime. Darubini ile ilibuniwa Marekani na wenzake Riccardo Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Waliorusha ni Waitaliano. Chetu kilikuwa bahari, ujirani wa ikweta, sikukuu na neno. Mtu aazimaye baraza yake kwa darasa, naye asiingie kusikiliza, ana thawabu ya ukarimu, lakini hatoki na elimu.

Mzee asema kweli katika jambo moja: fedha ya kisima haifai kununuliwa darubini. Kumnywesha mwenye kiu ni wajibu usiongoja. Lakini visima vya Kajiado havikukosekana kwa sababu vijana wetu walisoma nyota. Na ufundi wa kuunda chombo chepesi, cha kuishi kwa umeme wa jua na kupima miale hafifu, ni ndugu wa ufundi wa vyombo viangaliavyo mvua na malisho kutoka juu. Mwaka 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa kwa ushirikiano na Waitaliano, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambako mwaka uliotangulia ilipelekwa darubini ya eksirei iitwayo NICER. Mlango, basi, haukufungwa.

Twamwambia kijana: soma, na usilisahau swali la mzee, kwani ni deni lako. Nasi wazazi tusimzuie, isije siku nyingine jina letu likaandikwa juu ya chombo ambacho hakuna mwana wetu ajuaye kukifungua.